Jinsi ya Kulala Usiku Kucha Ukiwa Fundi wa Seva Kisumu

Mwongozo huu ni wa yule anayeitwa "mtu wa IT". Anafanya kazi katika hospitali, sacco, chuo, kampuni ya maji au ofisi ya kaunti mahali fulani kati ya Usenge na Muhuru Bay, na simu yake haizimwi hata kanisani. Mfumo ukilala, yeye haruhusiwi kulala. Karani akisahau nenosiri, mkosaji ni yeye. Printa ikitafuna karatasi, anaitwa yeye. Hapa anafundishwa kazi mpya inayoitwa devopsi, pamoja na ndugu yake, uhandisi wa uthabiti wa mifumo, unaojulikana kwa herufi tatu: SRE. Akizifuata hatua hizi atalala. La maana zaidi, mama aliyetoka Nyakach kabla ya jua kuchomoza hataambiwa dirishani kwamba arudi kesho kwa kuwa mtandao umepotea. Mama huyo ndiye sababu ya kila neno lililo hapa chini.

Hatua ya kwanza: Jiuzulu ushujaa

Kila ofisi ina shujaa wake. Nenosiri la hifadhidata liko kichwani mwake. Anwani za ruta ziko katika daftari lake, daftari liko katika mkoba wake, na mkoba uko ndani ya matatu ya Bondo Ijumaa jioni, kwa sababu kesho kuna mazishi nyumbani. Saa mbili usiku mfumo unazimika. Mkurugenzi anapiga simu, shujaa anaelekeza kwa kupaza sauti juu ya muziki wa matanga, karani wa zamu anabonyeza asichokielewa, na ikifika saa nne mfumo unaamka. Jumatatu shujaa anapigiwa makofi.

Makofi hayo ndiyo ugonjwa. Ofisi inayomsifu mtu mmoja kwa kuiokoa kila wiki imekubali kuzama siku atakapougua, atakapohama au atakapozikwa yeye mwenyewe. Naye shujaa, kama ni mkweli, anajua kwamba anayapenda makofi kuliko usingizi.

Omera, acha. Andika kila unachokifanya mfumo unapozimika: unaangalia nini kwanza, unawasha nini kabla ya kingine, unampigia nani. Andika kwa lugha ambayo karani wa usiku anaielewa, kisha chapisha na ubandike ndani ya mlango wa chumba cha seva, kwa maana maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya seva hufa pamoja nayo. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili, na nakala iwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Kisha chukua likizo ya wiki mbili, uzime simu. Kitakachoharibika ukiwa hupo ndicho ulichosahau kukiandika, nawe ukirudi utakiandika.

Hatua ya pili: Bomoa ukuta kati ya anayeandika na anayeamshwa

Devopsi ilizaliwa kutokana na ugomvi. Waandishi wa programu walilipwa kuleta mabadiliko. Waendeshaji wa mitambo walilipwa kuzuia chochote kisibadilike. Mwezi Juni 2009, katika mkutano wa Velocity nchini Marekani, John Allspaw na Paul Hammond walieleza jinsi pande hizo mbili zilivyofanya kazi pamoja katika kampuni ya Flickr hadi zikaweza kupeleka mabadiliko zaidi ya mara kumi kwa siku. Oktoba mwaka huohuo, Mbelgiji Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, na jina la devopsi likaanzia hapo. Google walikuwa wametangulia: mwaka 2003 Ben Treynor Sloss, mwandishi wa programu, alikabidhiwa kikosi cha kuendesha mitambo, akakipanga jinsi mwandishi wa programu angekipanga. Huo ndio mwanzo wa SRE.

Kwetu ukuta huo una urefu wa barabara ya Nairobi hadi Kisumu. Aliyeandika mfumo yuko Westlands; anayetukanwa dirishani yuko Kondele. Mfumo unaletwa na watu wenye suti, unazinduliwa kwa keki, suti zinarudi Nairobi kwa ndege ya jioni, na wewe unabaki nao kama mke wa kurithi.

Kabla keki haijakatwa, uliza maswali matano. Stima ikipotea na kurudi, mfumo utawaka wenyewe? Kumbukumbu za matukio zinaandikwa wapi? Toleo jipya likileta balaa, nitarudije kwenye toleo la jana? Intaneti ikikatika katikati ya malipo, pesa ya mteja itakuwa wapi? Na saa nane usiku, kwenu nani atapokea simu? Majibu yaingie kwenye mkataba, na jina la mwandishi wa programu liingie kwenye orodha ya zamu. Mtu aliyeamshwa mara moja na programu yake mwenyewe huirekebisha asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya tatu: Acha kuahidi asilimia mia

Mkurugenzi anauliza, "Mfumo utakuwa hewani wakati wote?" Wewe unajibu, "Ndiyo, bosi." Huo ni uongo, na wote wawili mnaujua. Hakuna mfumo duniani unaofanya kazi kila dakika, na wahandisi wa SRE hukataa kabisa kuahidi hivyo. Hukaa na wenye huduma wakaulizana: tukikosekana kwa muda gani, mtu ataumia? Jibu hugeuzwa nambari, nambari huandikwa, na pande zote huikubali.

Hesabu yake ni hii. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ukiahidi asilimia 99, umejiruhusu kukosekana saa 7 na dakika 12 kila mwezi. Ukiahidi 99.9, unabaki na dakika 43. Ukiahidi 99.99, una dakika 4 na sekunde chache, muda ambao ofisi nyingi huutumia kutafuta ufunguo wa chumba cha seva. Kwa mwaka mzima, ahadi ya 99.9 inakupa saa 8 na dakika 45 hivi.

Sasa kumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Usiku huo stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi ziliamkia gizani. Hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani, kwa sababu jenereta ya baadhi ya majengo ilikataa kuwaka. Giza la namna hiyo lilirudi Novemba, likarudi tena Desemba. Ofisi iliyoahidi 99.9 huku ikitegemea nyaya za umeme peke yake ilimaliza posho ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kununua seva mpya, nunua betri na inveta. Hakikisha waya wa ardhini umefungwa vizuri, kwa maana radi za jioni za ziwa hili hazibishi hodi. Jenereta iwashwe kila wiki ikibeba mzigo halisi. Jenereta inayosifiwa tu kwenye ripoti ya mwaka ni chuma kizito.

Nafasi iliyobaki kati ya ahadi yako na asilimia mia inaitwa bajeti ya hitilafu. Ikiwa bado ipo, peleka mabadiliko mapya bila woga. Ikiisha, mabadiliko yote yanasimama, hata yale anayoyataka mkurugenzi mwenyewe, na kila mtu anarekebisha kilichoharibika. Kanuni hii moja humaliza ugomvi wa miaka kati ya anayetaka vitu vipya na anayetaka kulala.

Hatua ya nne: Pima benchi, usipime taa

"Seva inajibu pingi" ni sentensi ya aibu katika kazi yetu. Ni kweli inajibu, na taa zake za kijani zinameta. Nje, benchi imejaa wagonjwa kwa kuwa ukurasa wa malipo unachukua dakika mbili kufunguka. Ufuatiliaji unaanzia kwenye benchi hiyo.

Wahandisi wa Google wanashauri kupima mambo manne: mfumo unachukua muda gani kujibu, maombi mangapi yanaingia, mangapi yanashindwa, na mitambo imejaa kiasi gani. Prometheus, programu iliyoanzia katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, huyakusanya; Grafana huyachora. Zote mbili ni za bure na huweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida. Ongeza vipimo viwili vya kwetu: chaji ya betri na joto la chumba cha seva. Kiyoyozi kikizimika saa saba mchana, Kisumu haitakupa muda wa kutafakari.

Kisha punguza ving'ora. Ujumbe unaoruhusiwa kukuamsha ni ule unaotaka ufanye jambo usiku huohuo. Diski iliyojaa nusu itangoja asubuhi. Fundi anayepokea jumbe mia kwa siku hasomi hata mmoja, na ofisi inayojivunia ving'ora vingi imejifundisha uziwi kwa gharama yake yenyewe.

Mashine inayofuatilia isichomekwe kwenye soketi moja na ile inayofuatiliwa. Vilevile, habari mbaya iwe na njia mbili za kukufikia, intaneti na ujumbe mfupi wa simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikawa taabu Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, king'ora kinachopitia intaneti pekee huenda kikakwama pamoja na huduma kinayoililia.

Hatua ya tano: Fuga fukusi

Mtu wa Kisumu hahitaji somo refu kuhusu kazi za sulubu. Amewahi kuona gugu maji. Katika miaka ya 1990 mmea huo ulitanda juu ya Ghuba ya Winam hadi mitumbwi na meli zikashindwa kutoka. Watu waliung'oa kwa mikono na mapanga, na baada ya siku chache ukajaa tena palepale. Kilichosaidia pakubwa ni wadudu, fukusi wa jamii ya Neochetina, walioachiliwa na taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, upande wa Kenya mwaka 1997. Fukusi hawakudai posho wala viatu vya mpira. Walikula, wakazaana, wakaendelea kulila gugu huku watu wakiwa wamelala, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa wazi. Baadaye, mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilisomba udongo, mbolea na uchafu hadi ziwani, na gugu likarudi likiwa limeshiba.

Gugu maji la ofisini ni kazi ile ile inayofanywa kwa mkono, kila siku, bila kuacha nafuu yoyote kesho: kufungua akaunti za wafanyakazi wapya moja moja, kufuta kumbukumbu zilizojaza diski, kunakili mafaili kwenye flashi, kuwasha upya huduma iliyoganda. Google waliweka kikomo: mhandisi wa SRE asitumie zaidi ya nusu ya muda wake kwa kazi za namna hiyo. Fundi wetu wa kawaida huzifanya wiki nzima na bado anaombwa abadilishe wino wa printa.

Andika kila kazi ya sulubu unayoifanya, pamoja na dakika ilizokula. Baada ya wiki mbili, chukua ile iliyokula nyingi zaidi uiandikie skripti. Skripti iwekwe katika Git, ili kila badiliko lijulikane limeletwa na nani na lini. Kisha jifunze Ansible, ambayo inakuwezesha kueleza kwa maandishi jinsi mashine inavyotakiwa kuwa, na mashine kumi zikapangwa sawasawa kwa amri moja. Hao ndio fukusi wako. Watafanya kazi ukiwa umelala.

Lakini usisahau kilicholilisha gugu. Ukiandika skripti ya kuwasha upya huduma inayokufa kila usiku, halafu ukatosheka, umefuga fukusi na kuuacha mfereji wa maji taka wazi. Tafuta kwa nini inakufa.

Hatua ya sita: Peleka kidogo, rudi haraka

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital, Marekani, ilipeleka programu mpya kwenye seva zake nane. Moja ilisahauliwa. Seva hiyo iliendelea kutumia programu ya zamani, ikaanza kununua na kuuza hisa kiholela, na kwa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Seva moja iliyosahauliwa na mkono wa binadamu ilitosha. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 duniani, kwa kuwa lilipelekwa kwa wote kwa mpigo.

Basi mabadiliko yawe madogo, yapelekwe na mashine badala ya mkono, na yaanze mahali pamoja. Kama unaendesha mfumo wa vituo vya afya, anza na kituo kimoja cha Ahero, ukiangalie siku mbili, ndipo uende Kombewa, na mwisho ndipo uiguse hospitali kubwa ya rufaa. Njia ya kurudi kwenye toleo la jana iwe imejaribiwa kabla ya safari ya kwenda. Na yule anayehifadhi mabadiliko ya miezi sita ili ayazindue yote Ijumaa alasiri mbele ya mgeni wa heshima, mnyang'anye kibodi kwa upendo.

Hatua ya saba: Mwache tumbili

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mzigo ukaielemea mitambo mingine ya kituo, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na shirika la wanyamapori.

Katika ofisi nyingi tunazozijua, kikao cha uchunguzi kingechukua dakika tano: mwenye makosa ni tumbili, aandikiwe barua ya kujieleza. Mhandisi wa SRE anaanzia pale barua inapoishia. Uzio wa umeme ulikuwepo, mnyama alipitaje? Transfoma moja ikizimika, kwa nini mitambo ya jirani ilemewe? Kituo kimoja kikianguka, kwa nini Kisumu, upande wa pili wa nchi, ikose mwanga? Kila swali lina jibu linaloweza kurekebishwa kwa saruji, waya au hesabu. Tumbili harekebishiki. Kesho atapanda mwenzake.

Sasa mahali pa tumbili mweke karani aliyefuta rekodi za wanachama kwa bahati mbaya. Ofisi inamfokea, inamkata mshahara, na mambo yanaonekana yamekwisha. Kilichokwisha ni ukweli. Karani mwingine akikosea hatasema, nawe utagundua baada ya miezi miwili, nakala nzuri ikiwa imeshafutwa. Muulize mfumo: kwa nini ulimruhusu kufuta maelfu ya rekodi kwa kubonyeza mara moja? Kwa nini haukumuuliza mara ya pili?

Ndani ya wiki moja baada ya kila hitilafu kubwa, andikeni kurasa mbili: kilichotokea dakika kwa dakika, nani aliumia na kwa muda gani, nini kilisaidia, na nini kitabadilishwa, na nani, kabla ya tarehe gani. Majina ya watu yasiwemo isipokuwa ya waliopewa kazi ya kurekebisha. Someni kwa sauti mbele ya wote, mkurugenzi akiwemo. Bosi anayeuliza "ni nani?" ajibiwe kwa heshima na bila kuchoka: "Bosi, tuanze na ilikuwaje."

Hatua ya nane: Seva ifunguke

Neno seva lilifika kwenye vibanda vya chai vya Kondele mwaka 2017. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na miongoni mwa yaliyoiudhi ni kwamba tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo agizo la kufungua seva zake na kumbukumbu zake zikaguliwe. "Fungua seva" ikawa wito wa barabarani. Hapa hakuna mzaha hata kidogo: watu wa mji huu waliuawa katika vurugu za uchaguzi huo. Anayedhani kumbukumbu za mtambo ni jambo la mafundi peke yao aje Kisumu aulize.

Katika uchaguzi uliofuata, mwaka 2022, tume iliweka wazi kwenye tovuti Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 vya kupigia kura, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Mfumo wako wa sacco au wa karo hautachagua rais, ila siku moja mjane atasema akiba ya marehemu mumewe imepungua, na utatakiwa kuonyesha nani aliigusa, lini, kwa idhini ya nani. Kumbukumbu za matukio zitumwe kwenye mashine ya pili ambayo hata wewe huwezi kufuta kitu ndani yake. Saa za mashine zote zilinganishwe, kwa sababu ushahidi wenye saa mbili tofauti ni uvumi. Kila mtu aingie kwa jina lake. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima ni kinga ya mwizi. Na kwa kuwa kumbukumbu hizo hubeba siri za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde kama unavyolinda rekodi zenyewe. Ukifanya hivyo, siku utakayoambiwa "fungua" utafungua, ukae chini unywe chai.

Hatua ya tisa: Soma kwa mpangilio

Kuna ugonjwa unaowapata wanaoanza. Wanasikia jina Kubernetes, mtambo mkubwa uliotolewa na Google mwaka 2014 wa kuendesha maelfu ya programu, na wiki inayofuata wanaufunga kwenye mfumo wa kanisa lenye waumini mia mbili. Sadaka inakwama, mchungaji anaita maombi ya kufunga. Kubernetes ingoje.

Anza na Linux kwenye laptopu kuukuu, uizoee hadi vidole vikumbuke. Fuata mitandao: anwani, ruta, na jinsi ombi linavyosafiri kutoka simu ya mteja hadi hifadhidata na kurudi. Kisha Git, kisha lugha moja ya programu, na Python inatosha kabisa. Ndipo uende kwenye Ansible, Docker, Prometheus, na huduma za wingu. Kitabu cha Google kuhusu SRE, kilichotoka 2016, kinasomwa bure mtandaoni. Soma sura moja kwa wiki pamoja na wenzako wawili, na kila sura ijaribiwe kwenye mfumo wa ofisi zenu. Maseno na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wanafundisha kompyuta, na LakeHub mjini Kisumu wamekuwa wakiwakusanya vijana wa teknolojia kwa miaka. Watafuteni. Fundi anayejifunza peke yake huzeeka na makosa yake.

Nawe mkurugenzi, ambaye umesoma hadi hapa ukitikisa kichwa, sehemu yako ni fupi. Zamu ya usiku ilipwe. Aliyeamshwa saa nane usiku asitakiwe kufika ofisini saa mbili asubuhi. Na siku ambayo hakuna kilichoharibika, mpigie fundi makofi siku hiyo.

Hatua ya kumi: Rejesha nakala wiki hii

Wahenga walisema akiba haiozi. Nakala rudufu isiyojaribiwa huoza, tena kimya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi programu za watu duniani, alifuta hifadhidata ya seva isiyo yake kuifuta, akiwa amechoka usiku. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa sita kabla ya kosa hilo, wakapoteza data ya saa hizo. Kisha wakaueleza umma kila kitu, wakaonyesha kazi ya kurejesha moja kwa moja kwenye YouTube, na wakabaki na wateja wao. Kama wao, wenye pesa na wataalamu, walikutwa hivyo, flashi iliyo kwenye droo ya mhasibu wako haina sababu ya kuaminiwa.

Basi Jumatano hii, asubuhi, ukiwa umelala vya kutosha, chukua nakala ya jana uirejeshe kwenye mashine nyingine. Mwite karani atafute humo rekodi ya mtu aliyehudumiwa jana. Akiipata, andika ilichukua dakika ngapi na ubandike karatasi hiyo mlangoni pa chumba cha seva. Asipoipata, una kazi moja tu mwezi huu. Weka nakala ya pili nje ya jengo, na kama unaweza nje ya mji, kwa sababu mafuriko na moto havisomi notisi. Fanya hivyo kabla hujasoma jambo lingine lolote kuhusu devopsi.